Fonti ya algoriti inapogoma: dalili, sababu na dawa yake

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandika skripti ya kuchora herufi, akaigeuza kuwa fonti, kisha mambo yakaenda mrama: tundu la "o" limezibika, herufi zinabadilika kila skripti inapoendeshwa, au kisu cha ploteri (mashine ya kukata maumbo) kinatetemeka na kuchana vinili. Mifano yote inatoka kwenye fonti moja ya majaribio. Kila herufi ina uti wa mgongo wa mistari myembamba. Juu ya uti huo skripti inapiga muhuri wa msalaba mdogo, wenye umbo la ile misalaba ya shaba ya Katanga, kila baada ya yuniti 40. Kila msalaba unasogezwa na kuzungushwa kidogo kwa nasibu. Wazo la kupitisha kalamu juu ya uti si jipya: Donald Knuth alilijengea programu nzima, Metafont, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Vifaa ni vya bure: lugha ya Python, maktaba zake fontTools na skia-pathops, na programu ya FontForge. Vyote vinakubali Windows na Linux. Em, yaani mraba wa kipimo ambamo herufi huchorwa, ina yuniti 1000, herufi kubwa zina kimo cha 700, ndogo zina 500. Matumizi yanayolengwa ni yale ya atelie za Lubumbashi: kaliko (mabango ya kitambaa), fulana za serigrafi (rangi inayopitishwa kwenye wavu), na vinili ya kubandika kwenye vioo vya taksi-basi.

Kabla ya dalili yoyote, shika hili: kosa lirekebishwe ndani ya skripti, si kwa kipanya juu ya herufi. Nukta uliyoivuta kwa mkono inapotea mara skripti inapoendeshwa tena, na itaendeshwa tena. Fungua FontForge ili kutazama, kupima na kuthibitisha, halafu rudi kwenye msimbo.

Kama megabaiti ni ghali, pakua pakiti mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha zisakinishe kwenye kompyuta nyingine bila mtandao:

pip download fonttools skia-pathops -d pakiti
pip install --no-index --find-links pakiti fonttools skia-pathops

Kompyuta zote mbili ziwe na mfumo mmoja na toleo moja la Python. Vinginevyo skia-pathops inaweza kukataa, kwa sababu ndani yake kuna msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa mashine maalumu.

Dalili: tundu la "o" limejaa wino, au pale misalaba inapopandana pametokea doa jeupe

Hili ndilo kosa linaloongoza, na sababu yake karibu kila mara ni mwelekeo wa kontua. Kontua ni mstari unaofunga umbo. Mashine inayojaza herufi wino inahesabu mizunguko: kontua ya kwenda upande mmoja inaongeza, ya upande wa pili inapunguza. Hesabu ikiwa sifuri, pale panabaki peupe. Kwenye fonti za aina ya TrueType, kontua ya nje inafuata mwendo wa saa na ya tundu inakwenda kinyume. Kwenye zile za aina ya PostScript ni kinyume chake. Misalaba miwili inayopandana ikiwa na mwelekeo tofauti, moja inafuta nyingine, na hapo ndipo doa jeupe linapozaliwa.

Pima mwelekeo kwa eneo lenye alama:

def eneo(p):
    s = 0
    for (x1, y1), (x2, y2) in zip(p, p[1:] + p[:1]):
        s += x1 * y2 - x2 * y1
    return s / 2

Jibu likiwa chanya, kontua inakwenda kinyume cha saa; likiwa hasi, inafuata saa. Hiyo ni kwa mhimili wa y unaopanda juu, kama ulivyo ndani ya fonti. Na hapa kuna mtego wa kwanza. Kama uti wako ulichorwa Inkscape ukahifadhiwa kama SVG, au ulitoka Processing, huko y inashuka chini. Unapoigeuza ili herufi isimame, mwelekeo wa kila kontua unageuka pia. Mtego wa pili ni kioo: ukipata "d" kwa kuzidisha x ya "b" kwa −1, umegeuza mwelekeo bila kujua. Ndiyo maana fonti inaweza kuonyesha "b" mbili safi katika neno "Lubumbashi", kisha "d" ya "Kamalondo" ikatoka na matobo.

Dawa ni kupima kila msalaba baada ya mageuzi yote na kabla ya kuuandika kwenye glifu (umbo la herufi ndani ya fonti). Kama alama si ile unayotaka, geuza orodha ya nukta. Usisubiri mwisho ukatumia correctDirection ya FontForge juu ya fundo la misalaba sitini iliyopandana, kwa sababu programu haiwezi kujua kwa hakika lipi ni tundu na lipi ni mwili.

Kuna hali ya tatu inayochanganya watu: kwenye skrini herufi ni nzima, kwenye programu ya ploteri imejaa madirisha. Baadhi ya programu hizo zinajaza kwa kuhesabu shufwa na witiri, bila kujali mwelekeo. Eneo lililofunikwa mara mbili linakuwa tupu. Hapo mwelekeo sahihi hautakuokoa. Lazima maumbo yaunganishwe kuwa moja.

Dalili: kuunganisha kunashindikana, au herufi inapoteza kipande

Kuunganisha maumbo ya fonti ya TrueType kunafanywa na mistari hii:

from fontTools.ttLib import TTFont
from fontTools.ttLib.removeOverlaps import removeOverlaps
f = TTFont("msalaba.ttf")
removeOverlaps(f)
f.save("msalaba-safi.ttf")

Ikitoa kosa au ikila mkono wa msalaba, tafuta kingo zinazolaliana bila kukatana. Misalaba iliyopangwa kwenye mstari ulionyooka, bila kuzungushwa, ina kingo zilizo juu ya mstari uleule kabisa. Hesabu ya makutano inapata jibu lisilo na uhakika: je, kingo hizi zinagusana, zinapishana, au zimeachana kwa elfu moja ya yuniti? Zungusha kila msalaba angalau nusu digrii, au ongeza mikono yake yuniti 2 ili ipenyane kwa hakika. Kingo zinazokatana kwa pembe wazi hazina shida.

Sababu ya pili ni desimali. TrueType inahifadhi nukta kwa nambari kamili tu. Ukiunganisha kwenye desimali kisha ukazungusha nambari (yaani kuzifanya kamili), kingo zilizokuwa jirani zinaweza kupandana upya. Utaratibu unaofaa ni huu: geuza maumbo, zungusha nambari, pima mwelekeo, unganisha, zungusha nambari tena, kisha futa kila kontua yenye eneo chini ya yuniti 60 za mraba. Vipande hivyo vidogo havionekani kwenye skrini, lakini ploteri inavikata vyote kwa bidii.

Dalili: mkato wa vinili unachanika, au ploteri inakwenda kwa kusitasita

Piga hesabu kabla ya kulaumu kisu. Herufi kubwa ya milimita 70 kwenye fonti hii inafanya yuniti 1 iwe milimita 0.1. Ploteri zinazosikiliza HPGL (lugha ya amri za ploteri) zina hatua ya milimita 0.025, kwa hiyo usahihi upo wa kutosha. Tatizo ni urefu wa kingo. Kisu cha kuburuta kina ncha iliyopembeni mwa mhimili wake, mara nyingi kwa milimita 0.25. Ukikipa ukingo wa yuniti 2, yaani milimita 0.2, hakina nafasi ya kugeuka kabla ya kuamriwa kugeuka tena. Kinachimba, kinavuta vinili, pembe inachanika.

Misalaba inazalisha kingo fupi za namna hiyo kwa wingi. "B" yenye uti wa yuniti 2400 inapata misalaba 60. Kila msalaba una nukta 12, kwa hiyo una nukta 720 kabla ya kuunganisha. Baada ya kuunganisha zinapungua, lakini kila mahali mikono miwili ilipokatana karibu na pembe pamebaki ngazi ndogo.

Weka chujio katika skripti: baada ya kuunganisha, pita kwenye kila kontua, na nukta yoyote iliyo chini ya yuniti 6 kutoka iliyotangulia iondolewe, isipokuwa ikiwa ndiyo nukta ya mwisho ya juu, chini, kushoto au kulia. Kwa herufi za milimita 70 hiyo ni milimita 0.6, na kisu kinapumua. Kwa herufi za milimita 35 utahitaji yuniti 12. Hii ina maana kwamba fonti ya ploteri na fonti ya kaliko ni faili mbili zinazotoka skripti moja, zenye chujio tofauti. Kulazimisha faili moja ifanye kazi zote mbili ni kujitafutia hasara ya vinili.

Unene nao uwe na sakafu. Mkono wa msalaba wenye yuniti 8 ni milimita 0.8 tu, utanyanyuka pamoja na taka wakati wa kuchambua vinili. Usishuke chini ya milimita 1.5 kwa kioo cha gari kinachooshwa kila siku. Kwenye serigrafi hatari ni ya upande wa pili: matundu madogo yanajaa rangi, kwa hiyo yapanue.

Dalili: kila unapoendesha skripti, herufi zinatoka tofauti

Hukuweka mbegu ya nasibu (nambari inayoanzisha hesabu ya nasibu), au uliiweka vibaya. random.seed(7) mwanzoni mwa skripti inatosha mpaka siku utakapoongeza herufi. Ukiingiza "ɛ" katikati ya orodha, herufi zote zinazofuata zinapata nambari nyingine, na bango lililochapwa wiki iliyopita halifanani tena na fonti. Kila herufi iwe na mbegu yake:

import random, zlib
bahati = random.Random(zlib.crc32(("msalaba-3/" + jina).encode()))

Usitumie hash(jina) badala ya crc32. Python inabadilisha hash ya maneno kila inapowashwa, kwa makusudi, kwa ajili ya usalama. Utaona matokeo yaleyale siku nzima ndani ya dirisha moja, kisha umeme ukatike, uwashe upya, na fonti iwe nyingine. Tahadhari hiyohiyo inahusu set: mpangilio wa maneno ndani yake hauaminiki, kwa hiyo pitia orodha iliyopangwa kwa sorted.

Kuhusu umeme: hifadhi kazi kwa muundo wa UFO badala ya faili moja ya fonti. Ndani ya UFO kila glifu ina faili yake, hivyo skripti ikikatizwa kwenye glifu ya 140, zile 139 zipo. Mwanzoni mwa kila glifu, kagua kama faili yake imekwisha kuandikwa kwa toleo hilo, na uiruke.

Dalili: nasibu haionekani, kila "a" ni pacha wa mwenzake

Fonti haichori upya. Umbo likishaingia kwenye faili limeganda. Mwaka 1989 Just van Rossum na Erik van Blokland walitengeneza Beowolf, fonti iliyotikisa nukta zake wakati wa kuchapa, kwa kubadilisha amri za PostScript zinazochora mistari na mikunjo. Mifumo ya leo haiendeshi msimbo wa aina hiyo ndani ya fonti. Kinachobaki ni kuigiza: endesha skripti mara tatu kwa mbegu tatu, pata seti tatu, kisha zizungushe kwa kanuni ya OpenType, yaani kanuni ya kubadilisha herufi iliyoandikwa ndani ya fonti.

feature calt {
    sub @moja @moja' by @mbili;
    sub @mbili @moja' by @tatu;
} calt;

Herufi ya kwanza inabaki seti ya kwanza, ya pili inachukua seti ya pili, ya tatu seti ya tatu, ya nne inarudi mwanzo. Jaribu na maneno ya Kiswahili yenye irabu pacha: "saa", "juu", "mzee", "kondoo". Hayo hayafichi kitu.

Yakitoka mapacha, sababu ni chache. Word huwa imezima mbadala wa muktadha (hiyo calt). Washa kwenye mipangilio ya juu ya fonti. Au orodha za seti hazilingani: @moja, @mbili na @tatu lazima ziwe na idadi moja na mpangilio mmoja, kwani herufi ya tano inabadilishwa na ya tano. Ukisikia watu wakisema "a" imegeuka "e", ni hapo. Au nafasi kati ya maneno inakata mzunguko, na kila neno linaanza na seti ya kwanza, kwa hiyo "mama", "maji" na "moto" zina "m" ileile mwanzoni. Ongeza ndani ya kanuni hiyohiyo:

    sub @moja space @moja' by @mbili;
    sub @mbili space @moja' by @tatu;

Seti tatu zinatosha kwa bango. Nne au tano zinaongeza uzito wa faili kuliko zinavyoongeza uhai.

Dalili: mikunjo ina vibonge

Ulitikisa nukta lakini ukaiacha mikono yake. Nukta ya mkunjo ina mikono miwili iliyonyooka nayo. Ukiisogeza peke yake, mstari unavunjika. Sogeza vitatu pamoja kwa kiasi kilekile. Kama bado inaonekana kama karatasi ya msasa, mtikisiko wako unaruka kutoka nukta hadi nukta bila uhusiano. Tumia mtikisiko laini, kama ule wa Ken Perlin, ambamo nukta jirani zinapata nambari jirani. Mtikisiko ulio chini ya yuniti 1 unapotea wakati wa kuzungusha nambari. Ukiuhitaji, panda hadi em ya 2048 au 4096.

Dalili: herufi zinagongana, au "l" na "i" zimeachana kama wageni

Skripti imehesabu upana kabla ya mtikisiko, au imetumia mpaka wa nje kabisa wa umbo. Mpaka huo unadanganya. Mkono mmoja wa msalaba uliochomoza yuniti 35 unasukuma herufi nzima, ingawa sehemu nyingine zote ziko ndani.

Pima wastani badala ya ncha. Kwa herufi ndogo, kata umbo kwa mistari ya mlalo kila yuniti 25, kuanzia kimo cha 25 hadi cha 500, mistari 20 kwa jumla. Kwenye kila mstari pima umbali kutoka ncha ya kushoto kabisa hadi wino wa kwanza. Umbali unaozidi 80 uhesabiwe 80, ili tumbo wazi la "c" upande wa kulia lisimeze nafasi yote. Chukua wastani, kisha nafasi ya kushoto iwe 60 kutoa wastani huo. Kama mistari 19 ina 35 na mmoja una 0, wastani ni takribani 33, na nafasi ni 27. Bila hesabu hii ingekuwa 60, na shimo lingeonekana. Upande wa kulia ni vivyo hivyo. Herufi kubwa zipimwe hadi 700, mistari 28.

Kwenye seti tatu za mzunguko, pima kila moja lakini toa upana mmoja kwa zote tatu, wa wastani. Upana ukitofautiana, mistari ya maandishi inaruka kila unaporekebisha herufi moja.

Dalili: visanduku vitupu, au kistari cha juu kimeanguka pembeni

Kwa Lubumbashi, herufi za Kiingereza hazitoshi. Kifaransa kinataka « na », œ, É, Ç, na nafasi mbili zisizovunjika, zenye namba za Unicode U+00A0 na U+202F. Nafasi hizo ndizo zinazosahaulika, kwa sababu skripti inaruka glifu isiyo na uti: hakuna cha kuchora, basi hakuna glifu. Zitengeneze wazi na uzipe upana.

Kiswahili kinataka "ng'". Mtu anabonyeza U+0027, programu inaibadilisha kuwa U+2019, na kama fonti haina hiyo ya pili, alama katika "ng'ombe" inatoka kwenye fonti nyingine. Weka zote mbili.

Lingala yenye tahajia kamili inahitaji ɛ U+025B na ɔ U+0254 pamoja na kubwa zake, U+0190 na U+0186, na alama za toni juu yake. Kwa "é" kuna glifu iliyo tayari. Kwa "ɛ́" Unicode haina. Inaandikwa kwa herufi mbili, ɛ na U+0301, na fonti ndiyo inayoziweka mahali pake kwa nanga (nukta za kushikanishia). Alama iwe na upana 0, daraja la mark, na nanga yake. Nanga ya herufi ichukue x kutoka kwenye uti, ambao haujatikiswa, na y kutoka kwenye kilele cha umbo baada ya kuunganisha, ukiongeza 40.

Dalili: vichwa vya É vimekatwa kwenye Windows

usWinAscent, kimo cha juu kinachotumiwa na Windows, ni ndogo kuliko kilele halisi. Isome kutoka kwenye glifu zote baada ya mtikisiko: usWinAscent isipungue yMax ya juu kabisa, usWinDescent isipungue yMin ya chini kabisa ikiandikwa bila alama ya kutoa.

Dalili: umesakinisha fonti mpya, inaonekana ya zamani

Akiba ya mfumo bado imeshika fonti ya zamani. Badilisha jina kwa kila jaribio, "Msalaba T07", "Msalaba T08", kwenye nameID (sehemu za majina ndani ya fonti) 1, 4 na 6. Ya 6 isiwe na nafasi wala kuzidi herufi 63.

Dalili: fonti ya uzito unaobadilika inavunjika katikati

Uliunganisha maumbo ya wembamba na ya unene kila moja kivyake, na idadi ya nukta haifanani tena. Katika fonti ya namna hii usiunganishe. Idadi ya misalaba, mpangilio wa kontua na nukta ya kuanzia viwe vilevile pande zote mbili. Msalaba usiotakiwa kwenye wembamba upunguzwe hadi yuniti 1, usifutwe. Kagua kwa:

fonttools varLib.interpolatable wembamba.ttf unene.ttf

Ploteri haitaipenda fonti hii. Chagua uzito mmoja, uutoe kama faili ya kawaida, uunganishe, upitishe kwenye chujio la yuniti 6, ndipo uipeleke atelie; na kama mwenye mashine hana ruhusa ya kusakinisha fonti, mpelekee PDF ambayo maandishi yake yamekwisha kugeuzwa kuwa maumbo.